Kabambe nayo ni mwalimu, ila tumeifungia kabatini

Ukipatikana na simu katika shule nyingi za upili humu nchini, unajua kitakachofuata. Inatwaliwa, unatumwa nyumbani kuleta mzazi, na labda usiione tena hadi muhula ufungwe. Lakini je, wajua kwamba huduma mojawapo ya kusomea kwa simu iliyovuma sana Kenya ilichipuka Muhuru Bay, kaunti ya Migori?

Huko, ufuoni mwa Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Tanzania, ndiko Mmarekani Toni Maraviglia alikofanya kazi na wanafunzi. Yeye na Mkenya Kago Kagichiri, mtaalamu wa programu, wakaanzisha MPrep, ambayo baadaye iliitwa Eneza Education. Ndio walioleta Shupavu 291 kwa wateja wa Safaricom.

Haikutaka simu ya bei wala intaneti. Ulibonyeza *291#, ukachagua darasa na somo, ukaletewa funzo fupi kwa SMS kisha maswali. Ukikosea, ulielezwa. Ukikwama, ulimwandikia mwalimu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, huduma kama hii ilimfaa mtoto ambaye masomo ya Zoom aliyasikia redioni tu.

Simu moja, darasa zima

Usidhani lazima kila mwanafunzi awe na yake. Simu moja ya mwalimu inatosha kufanya mengi.

Chukua Fasihi Simulizi. Homa Bay kuna ziwa la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, lenye kisa cha ajuza aliyenyimwa ukarimu na kijiji kikazama. Mwanafunzi anaweza kumrekodi nyanyake akikisimulia kwa Dholuo, kisha darasa likasikiliza na kukitafsiri kwa Kiswahili. Migori nako kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila saruji, ambazo UNESCO ilizitambua kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2018. Kama hakuna pesa za kukodi basi, picha na video za simu zitaleta kuta hizo darasani. Kwenye maabara, simu hiyo hiyo ni saa ya kupimia mwendo wa pendulamu.

Tusijidanganye

Walimu wana sababu za kuogopa simu. Karatasi feki za mitihani zimeuzwa Telegram, kamari iko kiganjani, na mjumbe mmoja wa WhatsApp anaweza kumharibia msichana jina kabla ya kengele ya chakula. Ila dawa si kufunga kila kitu. Simu ziwe za shule, zitolewe wakati wa somo, zihesabiwe, zirudi kabatini. Mbona kemikali za maabara tunazitunza hivyo bila kuzipiga marufuku?

Sasa wewe uliye mjini. Hebu fungua droo. Ile simu uliyoiacha uliponunua mpya bado inawaka? Futa programu za kubeti, tumia wifi ya kazini au ya chuo kupakua masomo kutoka Kenya Education Cloud ya KICD, kisha ukienda ushago mkabidhi mwalimu mkuu, si ndugu yako mdogo. Ukimpa ndugu yako, atasoma mmoja. Ukimpa mwalimu, darasa zima litasoma, na hakuna atakayefukuzwa shuleni kwa sababu yake.