Soka: Mshahara wa mchezaji hulindwaje mkataba unapovunjwa?

Kijana anayecheza kandanda Mutoyi, tarafani Bugendana, anapoitwa na klabu ya nje ya Burundi, swali la kwanza nyumbani huwa ni kiasi cha mshahara. Swali lililo zito zaidi ni jingine: ni fedha zipi atakazolipwa hata akiumia, au kocha asipomhitaji tena?

Katika ligi ya NFL ya Marekani, klabu inaweza kumwacha mchezaji kabla mkataba haujaisha, naye mara nyingi hubaki na sehemu tu iliyoandikwa kuwa ya uhakika. Soka hufuata njia nyingine. Kwa mujibu wa kanuni za Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, mkataba huheshimiwa hadi mwisho wake, na kushuka kwa kiwango au jeraha si sababu halali ya kuuvunja. Bonasi za mabao na ushindi, hata hivyo, hulipwa pale tu masharti yake yanapotimia.

Tuchukue mfano wa mkataba wa miaka 2, kwa mshahara wa dola 500 kila mwezi. Klabu ikimfukuza mchezaji bila sababu halali baada ya miezi 8, inabakia miezi 16, yaani dola 8,000. Akipata klabu nyingine inayomlipa dola 300 katika miezi hiyo, dola 4,800 hupunguzwa, na fidia yake huwa dola 3,200.

Ucheleweshaji nao una kanuni yake tangu mwaka 2018. Klabu isipolipa mishahara ya miezi 2, mchezaji huiandikia na kuipa angalau siku 15. Muda huo ukipita bila malipo, anaweza kuvunja mkataba kwa haki na kudai fidia.

Ulinzi huo huzibana pande zote mbili. Desemba 2022, kiungo Feisal Salum aliilipa Yanga shilingi milioni 112 za Tanzania akitaka kuondoka. Januari 2023, Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, liliamua kuwa angali mchezaji wa klabu hiyo. Alijiunga na Azam mwezi Juni, baada ya klabu hizo mbili kuafikiana.

Mchezaji Mrundi aliyeko katika klabu ya kigeni anaweza kuishtaki klabu hiyo mbele ya FIFA bila kulipa ada ya kesi, mradi miaka 2 isipite tangu mgogoro ulipozuka. Lakini atatakiwa kuthibitisha madai yake. Ahadi ya mdomo ya wakala ni vigumu kuithibitisha. Nakala ya mkataba yenye sahihi za pande zote, tarehe za malipo na stakabadhi za benki ndizo ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.