Gharama ya Kuachana: Pesa Yako Iende Wapi

Anayefikiria talaka huuliza kwanza wakili anachukua shilingi ngapi. Ni swali la haki, lakini fedha nyingi hazipotelei kwa wakili. Hupotelea kwenye nyumba iliyouzwa kwa pupa, kwenye shauri linaloahirishwa mwezi hadi mwezi, na kwenye matunzo ya watoto yaliyoahidiwa kwa mdomo tu. Hapa nalinganisha njia zilizopo Tanzania Bara kwa familia ya kawaida: nyumba moja, pengine na kiwanja, deni la SACCOS au VICOBA, na watoto wanaosoma.

Karibu kila mtu anaanzia barazani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Bila hati hiyo mahakama haipokei shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu chache, mathalani mwenza ametoroka na hajulikani aliko. Na hati hiyo ina ukomo: ikizidi miezi 6 hujafungua shauri, unarudi barazani upya, na nauli zako zimekwenda. Kwa hiyo kabla ya kwenda kata, kusanya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi zote za mali.

Baada ya hapo ndipo unapochagua mahakama, na watu wengi hawajui kwamba wana uchaguzi. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote zinaweza kusikiliza shauri la ndoa. Ya Mwanzo iko karibu, ada yake ni ndogo, shauri linaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe. Huko Wilayani nyaraka zinataka mtu anayejua kuziandika, na mara nyingi utalazimika kumlipa wakili tangu mwanzo hadi mwisho. Kama mali ni nyumba na kiwanja, na hakuna anayekana kwamba vipo, sioni sababu ya kuiruka Mahakama ya Mwanzo. Mlipe wakili mashauriano ya siku moja akukagulie madai yako, basi. Ila kama kuna kampuni, hati zilizoandikwa majina ya ndugu, au mwenza anayeficha mali, hapo fedha unayomlipa wakili itarudi. Asiye na uwezo aanze na watoa msaada wa kisheria, kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Sasa tuje kwenye nyumba, kwa sababu hapo ndipo familia zinapoumia. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto, kisha ielekee kwenye usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, maana mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe, naye akazitumia vibaya. Wanaolitaja shauri hilo husahau sehemu hiyo ya pili. Haki ipo, lakini inapimwa kwa ushahidi: risiti za bati na saruji, mkataba wa kiwanja uliosainiwa serikali ya mtaa, daftari la VICOBA, fundi aliyelipwa na wewe.

Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 36 ambayo wenza wanagawana nusu kwa nusu. Wakiuza kwa haraka ili kila mtu ashike lake, mnunuzi anayejua wana shida atawapa labda milioni 28. Toa dalali asilimia 5, inabaki milioni 26.6, kila mmoja anaondoka na milioni 13.3 na kwenda kupanga. Kodi ya serikali sijaihesabu; iulizeni TRA kabla ya kusaini. Njia ya pili ni mmoja kubaki na nyumba na kumlipa mwenzake milioni 18 kwa awamu, tuseme 500,000 kwa mwezi kwa miaka 3. Anayeondoka anapata milioni 4.7 zaidi, na watoto hawahami shule. Hatari yake ni kwamba mlipaji anaweza kuacha njiani. Dawa ni kuyaingiza makubaliano hayo kwenye amri ya mahakama, ili yakivunjwa uombe kukazia hukumu badala ya kufungua shauri jipya. Njia ya tatu, kupangisha nyumba na kugawana kodi, siipendekezi kwa watu ambao hawawezi kuongea bila kugombana.

Ukihofia nyumba itauzwa kwa siri wakati shauri linaendelea, usingoje. Kifungu cha 59 kinakataza mwenza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinakuruhusu kuweka zuio kwenye usajili wa ardhi.

Kuhusu watoto, sheria inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa matunzo, baba wengi hupenda kulipa ada moja kwa moja shuleni wapate risiti. Ni vizuri, lakini ada haipiki ugali. Gaweni mafungu mawili: ada na bima zilipwe moja kwa moja, chakula na kodi zitumwe kila mwezi kwa simu, ambako nako kumbukumbu inabaki. Ofisi ya Ustawi wa Jamii itawasaidia kukubaliana kiasi kabla hamjafika mbele ya hakimu.

Dada zangu mliopewa talaka nyumbani mkafungasha nguo mkaondoka: talaka hiyo haikugawa mali. Mgawanyo unaombwa mahakamani, na mliochuma pamoja hata bila cheti cha ndoa, mkaishi miaka 2 au zaidi kama mume na mke, mna njia chini ya kifungu cha 160.

Na anayepigwa asipime gharama kwanza. Aende polisi, Dawati la Jinsia, leo hii. Hesabu za nyumba zitasubiri.