Elektromita: Namna ya Kupima Umeme Mdogo Kupindukia

Elektromita ni chombo cha kupimia umeme pale ambapo mita ya kawaida ya fundi imefika mwisho wa uwezo wake. Elektromita ya kidijitali ya maabara, kama Keithley 6517B ya Marekani, huweza kutambua mkondo ulio chini ya femtoampea moja, yaani ampea moja iliyogawanywa mara milioni, kisha kila kipande kikagawanywa tena mara bilioni. Femtoampea moja ni elektroni zipatazo 6,200 kwa sekunde. Idadi hiyo huonekana kubwa mpaka ikumbukwe kwamba kitaa kidogo cha LED kinachotumia miliampea 10 hupitisha mara trilioni 10 ya hizo.

Tofauti kubwa kati yake na mita ya fundi iko kwenye mlango wa kuingilia. Maltimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10. Kwa betri au soketi ya ukutani, hiyo inatosha na kusaza. Lakini elektrodi ya kioo inayopimia asidi ya maji au ya udongo inaweza kuwa na ukinzani wa omu milioni 100. Maltimita ikiunganishwa hapo huisoma sehemu moja tu kati ya kumi na moja ya voltiji iliyopo, kwa sababu yenyewe inanyonya mkondo ambao elektrodi haina nguvu ya kuutoa. Mlango wa elektromita una ukinzani unaozidi omu trilioni 200, kwa hiyo kinachopimwa hakihisi kuwa kinapimwa.

Katika kupima mkondo, mbinu hugeuka. Mkondo usiojulikana huelekezwa kwenye kikuza mawimbi ambacho kimefungwa kizuizi kikubwa kati ya mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Kizuizi kikiwa cha omu bilioni 100, pikoampea 20 huzaa volti 2, na volti 2 ni kitu ambacho sakiti yoyote nzuri ya kidijitali hukigeuza kuwa tarakimu bila shida. Kizuizi kikiondolewa na kapasita kuwekwa mahali pake, chombo hicho hicho hupima chaji, kwa kuwa kila elektroni inayoingia hulimbikizwa badala ya kupita.

Kazi yenyewe huanza kabla ya waya wowote kuunganishwa. Chombo huwashwa na kuachwa kwa muda wa saa moja hivi mpaka joto la ndani litulie, maana mkondo mdogo unaovuja kwenye transista za mlangoni huongezeka upesi joto linapopanda. Baada ya hapo hubonyezwa kitufe cha kukagua sifuri, ambacho huzuia ishara ya nje isipimwe, na chombo hupangwa kwenye skeli ya chini kabisa itakayotumika. Kisha hubonyezwa kitufe cha kusahihisha sifuri, ili kasoro ya ndani ikumbukwe na kutolewa katika kila usomaji. Ukaguzi wa sifuri huondolewa tu wakati kila kitu kimekwisha unganishwa, na hurudishwa kabla ya kugusa waya wowote. Anayeruka hatua hizi hupata namba nzuri zenye tarakimu nyingi, zisizo na maana yoyote. Katika kupima chaji, kule kuondoa ukaguzi wa sifuri kwenyewe huacha mruko mdogo kwenye kioo. Huo nao hufutwa kwa kuufanya kuwa sifuri mpya.

Sehemu ngumu zaidi ni kebo. Hakuna kihami kilicho kamili. Kebo ambayo ukinzani wa plastiki yake ni omu bilioni 100, ikiwa na volti 100, huvujisha nanoampea nzima, mara milioni moja ya femtoampea inayotafutwa. Ndiyo maana elektromita hutumia kebo ya tabaka tatu: waya wa katikati unaobeba ishara, tabaka la pili linaloitwa kinga, na tabaka la nje ambalo ni ngao. Kinga hulishwa voltiji ile ile iliyo kwenye waya wa katikati. Kwa kuwa hakuna tofauti ya voltiji kati ya hayo mawili, hakuna mkondo wa kuvuja kutoka kwenye waya, hata kihami kikiwa dhaifu. Uvujaji unaobaki hutoka kwenye kinga kwenda kwenye ngao, na hauingii katika kipimo. Ni ufumbuzi wa kijanja: uvujaji haukuzuiwa, umehamishiwa mahali usikodhuru.

Kebo ina hila nyingine. Ikitikiswa, waya na kihami husuguana na kuzaa chaji, na katika kebo ya kawaida mtikisiko huo unaweza kufunika kabisa mkondo unaopimwa. Kebo maalumu hupakwa grafiti kati ya tabaka ili kupunguza msuguano, lakini bado hufungwa mezani kwa utepe, mbali na feni. Mtu akipita karibu na sakiti iliyo wazi, namba huruka, kwa sababu mwili na nguo hubeba chaji. Sampuli huwekwa ndani ya kisanduku cha chuma kilichofunikwa na kuunganishwa kwenye upande wa voltiji ya chini wa kipimo.

Vihami navyo huchaguliwa. Tefloni, polistirini na yakuti samawi ya viwandani ni bora. Nailoni haifai, maana huathiriwa kirahisi na unyevu. Alama ya kidole chenye jasho au mabaki ya dawa ya kulehemu hutengeneza njia ya mkondo juu ya kihami, na pengine hata betri ndogo ya kikemikali. Vihami husafishwa kwa alkoholi safi, kisha huachwa vikauke kabisa. Katika miji ya pwani kama Mombasa au Dar es Salaam, ambako unyevu hewani hupita asilimia 70 kwa urahisi, maabara isiyo na kiyoyozi haiwezi kufanya kazi hii kwa uhakika.

Kinachobaki ni subira. Sampuli ya omu trilioni moja ikiunganishwa na kebo yenye pikofaradi 100 huhitaji zaidi ya dakika nane ili voltiji itulie. Kwa ukinzani wa plastiki na mpira, desturi iliyozoeleka ni kuweka volti 500, kungoja sekunde 60, kisha kusoma mkondo. Ukinzani ukiwa omu trilioni 100, mkondo huo ni pikoampea 5 tu. Chaji za zamani zilizobaki ndani ya plastiki zinaweza kuupotosha, kwa hiyo voltiji hugeuzwa chanya na hasi kwa zamu na tofauti ndiyo inayohesabiwa. Chanzo cha voltiji cha ndani hufika volti 1,000, na kinga katika vipimo vingine hubeba voltiji ya hatari. Mikono haigusi sakiti hiyo kabla ya chanzo kuzimwa. Muda wa kila usomaji hupangwa ulingane na mizunguko mizima ya umeme wa gridi, ambao Afrika Mashariki ni hezi 50, ili mvumo wake ujifute wenyewe.

Elektromita zimeacha alama katika sayansi ya mnururisho tangu zamani. Marie Curie alizitumia Paris mwishoni mwa karne ya 19 kupima miale ya urani, na mwaka 1912 Victor Hess alipanda nazo kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000, akagundua miale ya kutoka angani. Leo kazi hiyo imo hospitalini. Kabla mashine ya kutibia saratani haijatumiwa kwa wagonjwa, mwanafizikia huweka kwenye miale chemba yenye hewa ya sentimita za ujazo 0.6 hivi, akiipa volti mia kadhaa. Miale hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi za hewa, na elektromita hukusanya chaji, takriban nanokulombu 20 kwa kila grei moja ya dozi.

Chemba hiyo iko wazi kwa hewa ya nje, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi, chaji hupungua. Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, shinikizo la hewa ni kilopaskali 83 hivi badala ya 101 za usawa wa bahari, na usomaji hushuka karibu asilimia 18 ingawa dozi ni ile ile. Elektromita haina kosa. Ni lazima namba yake irekebishwe kwa joto na shinikizo la chumba. Shinikizo linalotangazwa na mamlaka za hali ya hewa mara nyingi limekwisha badilishwa kuwa la usawa wa bahari, na likitumiwa katika hesabu hii mgonjwa hupewa dozi iliyozidi. Linalotakiwa ni lile la barometa iliyomo chumbani, karibu na mashine.