Ramani Juu ya Ramani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni moja ya Ottawa, nchini Kanada, ambayo kazi yake ilikuwa kupima ardhi kwa picha za angani, ilitakiwa itafute mahali panapofaa kupandwa msitu katika nchi ya Kenya. Na Roger Tomlinson, kijana mzaliwa wa Uingereza aliyekabidhiwa shughuli hiyo, aliona kwamba haitoshi kujua jambo moja pekee, kwa kuwa udongo una ramani yake, miteremko ina yake, na hali ya hewa ina yake, ilhali mahali palipotafutwa ni pale tu ambapo ramani zote hizo, zikilazwa moja juu ya nyingine, zingekubaliana. Gharama ya kuzilinganisha kwa mkono ilikadiriwa, ikaonekana kubwa mno, na jambo likaachwa. Tomlinson, hata hivyo, hakuliacha moyoni: maadamu mstari wa ramani waweza kugeuzwa kuwa hesabu, alifikiri, kompyuta nayo yaweza kuulinganisha mstari huo na mwingine, na haikupita miaka mingi serikali ya Kanada, iliyotaka kujua ni wapi ardhi yake yafaa kwa kilimo na wapi kwa misitu, ikampa kazi ya kuunda mfumo wa kwanza wa namna hiyo. Ndiyo asili ya mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wataalamu wake kwa kifupi huuita GIS. Na ni jambo la kupendeza kwamba swali lililouzaa lilikuwa swali la Afrika Mashariki.

Kazi ya mfumo huu si ya miujiza. Kila kitu kilichoko juu ya ardhi, kiwe kisima, barabara au shamba, huandikwa pamoja na mahali pake kwa vipimo vya latitudo na longitudo, kisha huambatanishwa na habari zake katika jedwali. Na vitu vya jinsi moja huwekwa katika tabaka lao, mito mbali, nyumba mbali, miinuko mbali. Tuseme mpangaji wa mji ameikumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto: huichukua ramani ya Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, huiamuru kompyuta ichore ukanda wa mita 60 kila upande, huitandika juu yake ramani ya nyumba, na papo hapo huonyeshwa ni nyumba zipi zimeangukia ndani. Zamani kazi hiyo ingewachukua makarani siku nyingi, na aghalabu isingefanywa kabisa.

Lakini hapo ndipo shida ilipo, kwani ramani ya nyumba hutoka wapi? Dar es Salaam imekua haraka kuliko wapimaji wake, na mitaa mingi imesimama kabla haijachorwa. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yaliyowaua watu na kuwahamishia wengine Mabwepande, upungufu huo ulidhihirika. Na tangu mwaka 2015, katika kazi iliyopewa jina la Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata zilizo hatarini pamoja na wenyeji, wakiandika nyumba, vichochoro na mitaro, huku ndege zisizo na rubani zikipiga picha kutoka juu. Waliwauliza wenyeji pia maji yalifika wapi. Kwa maoni yangu hilo ndilo tabaka lenye thamani kuliko yote, maana hakuna satelaiti iliyokuwepo uani usiku ule maji yalipopanda.

Satelaiti ina jambo lake, nalo ni kumbukumbu. Huko Gombe, hifadhi ya sokwe iliyoko kaskazini ya mji wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, wataalamu wa taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, walilinganisha picha ya satelaiti ya Landsat ya mwaka 1972 na nyingine ya mwaka 1999, na ikawa dhahiri kwamba msitu wa hifadhi ulikuwa umesalia, ilhali vilima vya vijiji vilivyoizunguka vilikuwa vimevuliwa miti kwa ajili ya mashamba, kuni na mawese. Na mlima uliokosa miti hauwadhuru sokwe peke yao, kwa sababu mvua kubwa huuporomosha udongo wake juu ya walioko chini. Zikaja baadaye picha kali zaidi, ambamo mtu aliweza kuutambua mti mmoja mmoja, zikatandazwa mbele ya wanavijiji, nao wakaanza kuonyeshana vidole: nyumba hii ya fulani, njia ile ya kwenda ziwani. Kutokana na mazungumzo hayo ilipangwa mipango ya matumizi ya ardhi, ikatengwa misitu ya vijiji kwenye miteremko, na mipango hiyo, kama sheria inavyotaka, sharti ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Sina hakika kwamba takwimu tupu, hata zingesomwa kwa ufasaha namna gani, zingewafikisha watu hao mahali hapo. Rangi ya kijani iliyogeuka hudhurungi juu ya mlima unaoujua haihitaji mkalimani.

Rangi, hata hivyo, yataka hadhari. Mchoraji aliyepiga picha zake wakati wa masika aweza kuliona bonde limejaa majani na hapana mtu, akalipaka rangi ya ardhi isiyotumika, naye asijue kwamba wafugaji hulirudia kila kiangazi. Na ramani hiyo ikifika mezani pa anayetafuta shamba kubwa, bonde limekwisha kwenda. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya wafugaji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikabiliana na taksiri iliyo karibu na hiyo: mpango wa matumizi ya ardhi hutengenezwa kijiji kwa kijiji, na ramani ya kila kijiji hukomea mpakani, bali ng'ombe hunywa hapa na kula kule. Wazee wakachora kwanza wenyewe mabwawa, njia za mifugo na malisho, michoro hiyo ikaingizwa katika ramani zilizopimwa, na vijiji vikakubaliana kuwa na eneo moja la malisho linalopita juu ya mipaka yao, wakaliita OLENGAPA, kwa silabi zilizotwaliwa katika majina ya vijiji hivyo vitatu.