Nordiki Bila Kupanda Ndege

Januari hii darasa la mwaka wa nne la usanifu majengo hapa chuoni lilisafiri wiki mbili kupitia Copenhagen, Stockholm na Helsinki. Ni ziara ya masomo, na imewekwa wakati wa baridi kwa makusudi: wanafunzi wayaone majengo ya nchi ambako mwanga wa jua ni haba, tena katika miezi ambayo uhaba huo umezidi. Mwanachama mwenzetu, mzaliwa wa Tabata, Dar es Salaam, hakwenda. Nauli angeweza kuchangiwa. Kilichomzuia ni viza ya kuingilia Marekani iliyo katika pasipoti yake, ambayo muda wake umekwisha. Kukaa na kusoma anaruhusiwa, lakini akitoka hana budi kuomba nyingine ndipo arudi, na hakuna wa kumhakikishia kwamba atapewa kabla ya muhula kuanza. Wengi wetu tunaijua hesabu hiyo. Tumeipiga kila palipotokea harusi au msiba nyumbani.

Profesa wake alimkubalia kazi mbadala: aandike ripoti juu ya majengo ya Nordiki yaliyomo Washington. Nchi zenyewe ni tano, yaani Denmark, Norwei, Uswidi, Ufini na Iceland, na zote zina balozi humu mjini. Akaomba chama kimsindikize. Alitaka macho ya watu wasio wasanifu, na alitaka maneno, kwa kuwa ameazimia kuambatisha orodha ya istilahi za Kiswahili mwishoni mwa ripoti.

Tukakutana sita, Jumamosi moja katikati ya Januari, kwenye bustani ya Dupont Circle. Kabla ya kwenda popote alisimamisha fimbo ya mita 1 na kutungojesha hadi saa 6 na dakika 18, wakati jua linapofika juu kabisa katika mji huu siku hizo. Kivuli kilikuwa mita 1 na sentimita 70 na kitu. Saa kadhaa kabla, mdogo wake alikuwa amepima fimbo kama hiyo uani kwao Tabata na kumtumia picha: kivuli sentimita 25, kimelala upande wa kaskazini. Wanadarasa waliokuwa Helsinki nao walikuwa wameombwa wapime. Kwa hesabu, fimbo yao ilipaswa kutoa kivuli cha zaidi ya mita 6. Jibu lao lilikuwa fupi: mawingu tangu juzi, kivuli hakuna.

Tarakimu hizo tatu zilitufunza zaidi ya mhadhara. Nyumbani jua la adhuhuri hukaa utosini, kwa hiyo paa ndilo linalobeba vita. Helsinki mwishoni mwa Desemba jua la saa sita haliinuki nyuzi 7 juu ya upeo wa macho. Linaingia dirishani likiwa limelala, linagonga ukuta wa ndani kabisa, kisha linakwenda zake. Tarehe 21 Desemba huchomoza huko karibu saa 3 na nusu asubuhi na kuzama saa 9 na robo alasiri. Mmoja wetu akasema saa za Kiswahili zingewafia mikononi watu hao. Ni kweli. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza kwa sababu kwetu halibadili mazoea, likichomoza leo saa 12 basi hata mwezi ujao ni papo hapo. Mtu wa Helsinki akihesabu hivyo, saa moja yake itakuwa inahamahama mwaka mzima.

Ubalozi wa Denmark, uliochorwa na Vilhelm Lauritzen na kukamilika mwaka 1960, hatukuuona vizuri. Uko kwenye mtaa mdogo wa Whitehaven, na uzuri wake mwingi umeelekezwa bustanini, si kwa wapita njia. Tulipiga picha mbili tukaondoka.

Kwa Wafini tulikaa karibu saa nzima, tukirukaruka kwa baridi. Ubalozi wao uko 3301 Massachusetts Avenue, mkabala na viwanja vya Naval Observatory anakoishi makamu wa rais. Wasanifu wake ni Mikko Heikkinen na Markku Komonen, na ulifunguliwa mwaka 1994. Ukiwa barabarani unaona jengo la kimo cha kawaida tu, la shaba, vioo na graniti, na mbele yake umesimama mtandao wa chuma chembamba uliotambaliwa na mimea. Siku ile mimea ilikuwa vikonyo vitupu. Ndipo mwenzetu alipotueleza kazi yake: majira ya joto majani hujaa na kukinga vioo na jua, majira ya baridi hupukutika na kuliacha jua liingie. Pazia linalojifunga na kujifungua lenyewe, bila umeme.

Tuuiteje mtandao huo? Hapo mjadala ukawaka. Mmoja alisema uzio, akapingwa, maana hauzuii mtu kupita. Mwingine akapendekeza kiunzi. Dada yetu kutoka Tanga akasema kwao mpasheni hutambaa juu ya chanja, na hiki ni chanja kilichosimamishwa wima. Tulikubaliana na Tanga. (Ndani kuna sauna pia, maarufu miongoni mwa wanadiplomasia. Mwanachama wa Mombasa aliuliza kwa nini mtu ajengewe chumba cha kutokwa jasho, wakati Mombasa jasho ni bure.)

Wasanifu hao hao wawili wamejenga Guinea. Villa Eila, katika mji uitwao Mali, ilikamilika mwaka 1995, na shule ya ufugaji kuku huko Kindia ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2001. Vifaa vyao huko vilikuwa matofali ya udongo na kazi za mikono ya mafundi wa pale pale, si vioo na shaba. Hoja ya ripoti ya mwenzetu inaanzia hapa, na sisi tunaiunga mkono: somo la Nordiki si kioo. Kioo ni jibu la swali lao, la kulitafuta jua. Dar es Salaam na Nairobi tunaagiza jibu bila swali, tunapandisha minara ya vioo pande zote nne, kisha tunalipa bili ya viyoyozi ili tufukuze joto tulilolikaribisha wenyewe.

Waliokuja kwetu na kuuliza swali wapo. Ukumbi wa KICC mjini Nairobi ulichorwa na Mnorwei Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na Mkenya David Mutiso, na mwaka 1973 ulipokea mikutano ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, taasisi ambazo makao makuu yake yako hapa Washington, mwendo mfupi tu kutoka tulipokuwa. Na kuna wanawake watatu wasanifu wa Helsinki, Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman, ambao nyumba ya hifadhi ya wanawake waliyoichorea asasi ya KWIECO mjini Moshi ilikamilika mwaka 2015. Shirika waliloanzisha kwa kazi za namna hiyo wameliita Ukumbi. Ndiyo, kwa Kiswahili.

Tulimalizia Georgetown, pale mto Rock Creek unapoingia Potomac, kwenye jengo la Uswidi lililofunguliwa mwaka 2006, kazi ya Gert Wingårdh na Tomas Hansen. Iceland nayo ina ofisi humo. Tulifika makusudi jua likizama, baada ya saa 11 jioni. Vioo vyake vimepakwa michirizi ya mbao, na taa za ndani zilipowashwa jengo lote likageuka kandili la rangi ya asali juu ya maji. Hata waliokuwa wakinung'unikia vidole kufa ganzi walinyamaza. Mwenzetu alichora mpaka kalamu ikagoma kwa baridi.

Ripoti atawasilisha mwishoni mwa Februari, siku moja na wale waliosafiri, na wanachama wote wamekaribishwa. Orodha ya istilahi imefikia maneno 43. Bado yana mapengo mawili: mwanga ule wa jua lililolala unaoingia mpaka ukuta wa nyuma, na dirisha linalokaa paani. Mwalimu au mwanachama mwenye neno la kwao, awe wa Lamu, Bukavu au Maskati, amwachie ujumbe kwa katibu kabla ya tarehe 20.