Shadda, Solfa na Mwimbaji Anayeanza

Imezoeleka kudhaniwa kwamba nadharia ya muziki ni elimu ya kigeni ambayo mwanafunzi wa uimbaji hawezi kufunzwa kwa Kiswahili. Makala hii inapinga dhana hiyo. Tunashikilia kwamba anayekijua Kiswahili tayari anayo nusu ya somo kinywani mwake.

Tuchukue Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ambako kazi katika mashamba ya maua imewakutanisha watu wa lugha nyingi. Katika mtaa wa aina hii Kiswahili ndicho kiungo cha kwaya, na wimbo aghalabu hufunzwa kwa kusikia. Mwalimu asianzie kwenye mistari mitano ya noti. Aanzie kwenye solfa, mfumo uliobuniwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ukaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, kisha ukaletwa kwetu na wamisionari. Humo do haifungwi kwenye kiwango kimoja cha sauti. Huhama kufuata koo za waimbaji. Kisichobadilika ni hatua baina ya sauti, na mbili tu kati ya hatua hizo ni fupi: mi hadi fa, na ti hadi do. Hapo ndipo kwaya changa huteleza, na hapo mwalimu asiharakishe.

Mapigo nayo yana alama zake. Mstari wima hutangulia pigo zito, na nukta mbili hutangulia pigo jepesi. Mwanafunzi atajuaje mahali pa kuuweka mstari? Aliulize neno lenyewe. Kwa kawaida shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ZI-wa, lakini zi-WA-ni. Kiambishi kikiongezwa, shadda husogea, na mstari sharti usogee nayo. Nyimbo za ibada zilizofasiriwa ili zifuate tuni za Ulaya hukiuka kanuni hii mara kwa mara, nasi tumezizoea hata hatuoni ila. Mfano unaojulikana vyema darasani ni barabara: pigo zito likiwekwa kwenye ra ya kwanza badala ya ba ya pili, njia ya magari hugeuka kuwa "sawasawa".

Neno mtu lina mtihani wake. Shadda iko kwenye m, midomo ikiwa imefumbwa. Mtunzi aipe m noti yake kamili, na mwimbaji aivumishe puani kabla ya kufungua kinywa kwa tu. Akiimeza, pigo zito litabaki tupu.