Tamthilia ya Historia Inapogeuzwa Filamu

Tamthilia huishi kwa maneno, filamu huishi kwa picha. Hapo ndipo taabu ya kugeuza tamthilia za kale za historia inapoanzia. Tuchukue Henry V, aliyoiandika William Shakespeare mnamo mwaka 1599, ihusuyo mfalme wa Uingereza aliyewashinda Wafaransa huko Agincourt mwaka 1415.

Tamthilia hiyo ina Msimulizi. Yeye huwaomba radhi watazamaji kwa kuwa jukwaa ni dogo mno kubeba vita, kisha huwasihi wawaone farasi kwa macho ya fikira. Je, katika filamu, ambamo farasi wenyewe waonekana wakitimka, Msimulizi huyu abakiziwe kazi gani? Laurence Olivier, katika filamu yake ya mwaka 1944, alianzia ndani ya ukumbi wa Globe, London, ndipo akatuongoza hatua kwa hatua hadi uwanja wa vita. Kenneth Branagh, mwaka 1989, alimvisha Msimulizi mavazi ya siku hizi. Kwetu sisi, njia ya Olivier ina ustadi zaidi.

Lakini lililo gumu kupita hilo ni kupunguza maneno, kwani hapo ukweli wa historia huweza kupotea. Olivier alitengeneza filamu yake wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akaitunuku kwa askari wa Uingereza. Haishangazi basi kwamba aliondoa njama ya wasaliti, pamoja na vitisho vya kikatili alivyovitoa mfalme mbele ya malango ya Harfleur. Branagh aliyarudisha hayo, akaonyesha pia Bardolph, rafiki wa zamani wa mfalme, akinyongwa kwa kuiba kanisani. Hata hivyo, amri ya mfalme ya kuwaua mateka, iliyomo katika tamthilia, haimo katika filamu yoyote kati ya hizo mbili.

Mwalimu atungaye mchezo mfupi wa historia kwa ajili ya darasa la tano naye hushika mkasi uo huo. Yafaa, kila tunapofuta tukio, tuandike pembeni sababu yake. Ikiwa ni uchache wa dakika, tuwasimulie wanafunzi tukio hilo baada ya mchezo. Ikiwa tumelifuta kwa kuwa lamwaibisha shujaa wetu, lirudishwe.